Ngazi 17 za Kuze

Majuzi nilipata barua kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Nairobi, na tangu niisome haijaniacha. Anasema nyanya yake alipigwa na kiharusi, mguu na mkono wa kushoto vikalegea, na sasa anakwenda kwa kiti cha magurudumu. Nyanya huyo ana hamu moja tu, nayo ni kuiona bahari. Mjomba mmoja alishauri apelekwe Dunga, kule Kisumu, akatazame ziwa, kwani maji ni maji. Nyanya alikataa katakata. Ziwa, asema, alizaliwa nalo, alifua nguo ndani yake, na halina jipya la kumwambia.

Basi familia imekubaliana ni Mombasa, mwezi wa Agosti shule zikifungwa. Swali la kijana ni hili: wamfikishe wapi? Wana jamaa zao Mji wa Kale, karibu sana na maji. Wana pia rafiki wa baba anayekodisha nyumba Kizingo. Jamaa wa Mji wa Kale wamekwisha kusema kwamba wageni wakilala kwingine itakuwa ni kuwatia aibu mbele ya majirani. Kijana anauliza, "Je, tufuate kiti au tufuate undugu?"

Mpenzi msomaji, swali hili mimi nimewahi kulijibu vibaya, tena kwa mtu niliyempenda kuliko wote.

Miaka mingi iliyopita tulimpeleka marehemu baba kwenye harusi, nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Kibokoni. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa baridi yabisi, akitembea kwa mkongojo hatua chache kisha anapumzika. Hatukuuliza lolote kabla ya kwenda. Tulijua tu kwamba ni nyumba ya jamaa, na nyumba ya jamaa haina matata. Tulipofika mlangoni tukazikuta ngazi zile za Mji wa Kale, nyembamba, zimesimama wima kama za kuangulia nazi. Vijana wanne wakamkalisha baba kwenye kiti cha plastiki, wakambeba juu juu huku wakipiga kelele, "Chunga kichwa! Chunga mguu huo!" kana kwamba wanapandisha kabati. Kofia yake ya vito ikaanguka na kubingirika hadi chini. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Baba naye alicheka.

Lakini tangu siku hiyo hadi alipotuondokea, kila alipoalikwa mahali alikuwa na udhuru. Mara kichwa, mara dawa, mara anasubiri mgeni. Sisi tukadhani ni uzee. Ni mama aliyetufunulia, tukiwa matangani: "Babenu alisema hatabebwa tena kama gunia la mchele."

Ndiyo maana mwaka 2023, zamu ya mama mkubwa ilipofika, niliamua kuuliza kila kitu, hata yale ambayo watu huona haya kuyauliza.

Mama mkubwa alizaliwa Kuze, akaolewa akiwa msichana, akapelekwa Pumwani, Nairobi, na huko ndiko alikozeekea. Baada ya nyonga kuvunjika bafuni hakuweza tena kusimama peke yake. Alitaka kurudi Kuze kumwona mdogo wake wa tumbo moja, ambaye hawakuwa wameonana kwa miaka 6. Mdogo wake huyo, ambaye mimi namwita mama mdogo, anaishi ghorofa ya kwanza ya nyumba ya wazee wao.

Nilimpigia simu binamu yangu wa huko Kuze, nikamwuliza nyumba ina ngazi ngapi.

"Si nyingi," akasema.

Wasomaji wangu, "si nyingi" ni hesabu ya mwenye miguu mizima. Ukiipokea hivyo ilivyo umekwisha. Nikamwambia, "Yakhe, hebu toka uzihesabu." Akacheka, akatoka, akarudi kwenye simu sauti imebadilika. Zilikuwa 17, na juu zinapinda. Amezipanda tangu utotoni na hakuwahi kuzihesabu.

Nikamtuma akaazime tepi ya fundi anipimie na mlango. Kiti cha magurudumu cha kawaida kina upana wa sentimita 65 hivi, kwa hivyo mlango ukiwa na nafasi ya sentimita 80 unapita bila kujikwaruza vidole. Mlango wa nje wa nyumba ile ni wa nakshi, wa mbao mbili, na siku zote hufunguliwa ubao mmoja tu. Ubao mmoja hautoshi kiti. Ni lazima ufungue zote mbili, na ule wenye mfaa aghalabu huwa komeo lake limeshika kutu kwa kutotumiwa. Sisi tulitia mafuta ya taa, tukagonga, ukafunguka. Binamu yangu alisema mara ya mwisho ulifunguliwa wakati wa kulitoa jeneza la babu.

Sitaki mtu anielewe vibaya nikadhaniwa nazikashifu nyumba zetu. Nyumba ya Kiswahili ya zamani ilijengwa kwa akili nyingi. Kuta zake nene za matumbawe na chokaa huzuia joto la kaskazi. Kizingiti kilichoinuka huzuia maji ya masika yasiingie ndani. Vyumba ni vyembamba kwa sababu dari zilishikiliwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila kupinda. Mita 3 ni nyingi kwake. Kila kitu kina sababu. Lakini sababu hizo zote zilimfikiria mtu anayeinua mguu. Chumba chembamba ukikiwekea kitanda na kabati, kiti cha magurudumu hakipati pa kugeukia, kwani chenyewe kinataka duara la mita moja na nusu.

Na hapo sijagusa choo. Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale choo ni cha kuchuchumaa, tena kimewekwa juu ya kidato, na mlango wake ni mdogo kuliko milango yote ya nyumba. Watu wakipanga safari huzungumza habari za samaki wa kupaka na mahamri, choo hakitajwi. Halafu mgeni mwenyewe, kwa kuona haya, anaacha kunywa maji ili asiende msalani. Mombasa na lile joto lake! Nimemwona mzee akizimia kwa sababu hiyo, watu wakasema ni presha. Uliza choo kwanza, kabla ya kuuliza kitanda. Kama hakuna cha kukalia, nunua au azima kile kiti chenye tundu na ndoo chini yake, uende nacho. Kinakunjwa, na ni aibu ndogo kuliko nyingine.

Kwa hivyo Kuze kwa kulala ilishindikana. Ikabidi nitafute mahali pengine, nami nilikwenda Mombasa siku mbili kabla ya wengine nikakague mwenyewe. Hili naliona ni la lazima kwa kila familia yenye mgonjwa wa namna hii. Kama huwezi kwenda, tuma mtu mwenye tepi. Picha za matangazo hazionyeshi kidato cha bafuni.

Tudor niliiangalia haraka nikaiacha. Ni mtaa mzuri wenye upepo wa ghuba, lakini ardhi inateremka kuelekea majini, na kiti kwenye mteremko kinataka mtu mwenye kifua. Kizingo ndiyo iliyonifaa. Barabara ni pana, zina miti, na ardhi ni tambarare kwa sehemu kubwa. Nilionyeshwa nyumba ya ghorofa ya tano yenye lifti, mwenyewe akaisifu mpaka basi. Nikamwuliza, stima ikipotea? Akanyamaza. Lifti bila jenereta ni kabati tu. Nikachagua chumba cha chini katika nyumba nyingine, kilichokuwa na sura mbaya zaidi na rangi ya ukutani imebambuka, lakini toka getini hadi kitandani kulikuwa na kidato kimoja tu, cha sentimita 15.

Kidato kimoja kina dawa yake. Mafundi hufuata kanuni ya moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za ubao. Kidato cha sentimita 15 kinahitaji basi ubao wa mita 1 na sentimita 80. Seremala wa mtaani alituchongea kwa saa moja, akagongomea vipande vya mpira wa gurudumu juu yake usiteleze. Ubao ule tuliuchukua kila tulikokwenda, umefungwa juu ya gari, na mama mkubwa akauita "daraja langu".

Ubao wa kuondoka una faida nyingine ambayo wakazi wa Mji wa Kale wataielewa mara moja. Mtaa ule unahifadhiwa kisheria. Huwezi kuamka asubuhi ukabomoa kizingiti au kumwaga saruji mbele ya mlango wa miaka 100 bila kupata kibali. Ubao hauhitaji kibali cha mtu. Unauweka, unapita, unauondoa.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe, maana mtu hakusafiri kutoka Nairobi aje alale chumbani. Mji wa Kale una vichochoro ambavyo hata mwenye miguu yake hupita ubavu ubavu. Kuna mifereji isiyofunikwa, kuna mawe yaliyong'oka, kuna bodaboda zinazotokea kwenye kona bila honi. Nilisimama Ndia Kuu asubuhi ile (nao walio bara wajue kwamba "ndia" ni njia kwa Kimvita) nikijiuliza nitampitisha wapi mama mkubwa. Mbele yangu akapita kijana wa mkokoteni, amejaza mitungi ya maji 15, kila mmoja wa lita 20. Hizo ni kilo 300. Alipinda kushoto, akakwepa kichochoro kifupi ambacho mimi ningepita, akazunguka kwa njia ndefu. Nikamfuata. Nikaona kwamba kila anapopita hakuna kidato, mfereji umefunikwa, na mteremko ni wa polepole. Hawezi kufanya vingine. Mkokoteni wa kilo 300 hauna subira na mashimo.

Siku ile nilifuata mikokoteni mitatu nikachora ramani yangu kwenye karatasi ya sigara. Ndiyo ramani bora ya Mji wa Kale kwa mwenye kiti niliyopata kuiona, na nasema hivyo bila kujisifu, kwani waliochora kweli ni wale vijana. Panapopita mkokoteni, kiti kitapita. Ukiwa na shaka, mwulize mwenye mkokoteni, usimwulize mwenye duka.

Kwa ufupi, Ndia Kuu na Barabara ya Mbarak Hinawy ndizo njia za kutegemea, mbele ya milango ya nakshi na roshani za mbao, mpaka Msikiti wa Mandhry ambao husemwa ulijengwa mwaka 1570. Zaidi ya hapo, ukikaribia Bandari ya Kale, ardhi huteremka, na hapo yafaa kukigeuza kiti ukishuke kinyumenyume, msukumaji akiwa chini ya mgonjwa. Nenda asubuhi kabla ya saa 3, jua halijapanda na bodaboda hazijachangamka. Mwezi wa Agosti ni mzuri kwani upepo wa kusi bado unavuma na joto limepungua. Wakati wa mvua za masika, Aprili na Mei, maji hutuama njiani, na hutajua shimo liko wapi mpaka gurudumu limekwisha kuingia.

Mama mkubwa alitaka pia kuiona Fort Jesus, ambayo akiwa mtoto ilikuwa jela. Ndivyo ilivyokuwa tangu 1895 hadi 1958, kisha ikafunguliwa kama makumbusho mwaka 1960, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na nia yao ilikuwa watu wasiingie. Walifaulu. Waarabu wa Oman waliizingira kuanzia Machi 1696 wakaingia Desemba 1698. Kwa hivyo usitarajie kiti cha magurudumu kipenye kwa dakika 5. Ukipita langoni njia inapanda na ni ya mawe, wahitaji wasukumaji wawili wenye nguvu. Ukishafika uani pana nafasi ya kuzungukia. Kupanda juu ya kuta tulikuacha. Mama mkubwa alitazama huku na huku, akasema, "Kumbe ndani ni kudogo hivi! Sisi tulikuwa tukipita nje mbio, tukidhani wafungwa watatutoroshea."

Lakini kwa kuiona bahari yenyewe, kwa mtu aliyekaa, hakuna mahali kisiwani panaposhinda Mama Ngina. Eneo hilo lilitengenezwa upya na kufunguliwa Oktoba 2019. Njia za miguu ni pana na zimesakafiwa, pana mabenchi, na ile mibuyu mizee imebaki kutoa kivuli. Jambo ambalo watu wengi hawalifikirii ni hili: meli zote zinazoingia bandari ya Kilindini hupitia mlango ule wa bahari, karibu mno na ukingo. Mtu hahitaji kuifuata bahari, bahari inamletea meli mpaka mbele ya magoti. Nunua muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, nunua dafu, ukae kuanzia saa 10 alasiri. Tulikaa pale siku tatu mfululizo. Siku ya pili mama mkubwa alikuwa akizitaja meli kwa rangi, kama mtu anayetaja mbuzi wake.

Iwapo mgonjwa wako atataka kuweka mguu majini, itakubidi utoke kisiwani, kwani upande huu ni majabali. Vuka daraja la Nyali uende ufuo wa wazi wa Bamburi. Mchanga mkavu ndio adui. Magurudumu huzama humo kama kisu kwenye siagi. Ule mchanga ulioachwa na maji, hata hivyo, huwa mgumu. Uliza siku za bamvua, pale mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji yakipwa mbali na kuacha uwanja mpana ulioshikamana. Wabebe watu watatu kiti mpaka hapo, mwenyewe akiwa ameulizwa na kukubali, halafu kisukumwe. Njiani, ukipenda, pitia Bombolulu. Karakana zile zilianzishwa mwaka 1969 chini ya chama cha APDK cha kuwahudumia wenye ulemavu wa viungo, na wanaotengeneza mikufu, vitambaa na vinyago hapo ni watu wenye ulemavu wenyewe. Mama mkubwa alikaa na fundi mmoja wa kike mwenye kiti kama chake wakazungumza nusu saa nzima juu ya tairi. Mimi sikuwa na la kuchangia.

Kuhusu usafiri sitasema mengi. Treni ya Madaraka Express iliyoanza 2017 inashinda basi kwa sababu mtu hunyoosha mgongo, lakini kumbuka kituo cha Miritini kiko nje ya kisiwa, hivyo panga gari la kuwapokea mapema. Na yeyote akaaye kwenye kiti muda wote anyanyuliwe makalio kidogo kila nusu saa, la sivyo atashuka Mombasa na kidonda. Mjini humo tumia tuktuk. Sakafu yake iko chini, mtu huteleza kutoka kitini hadi ndani bila kuinuliwa sana, na kiti kikikunjwa hukaa naye nyuma. Matatu mimi sikujaribu. Kondakta mmoja alituangalia, akaangalia kiti, akapiga bodi na gari likaondoka.

Na hapo ndipo watu huuliza, kwani hakuna sheria? Ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka wenye majengo ya umma wayarekebishe katika miaka 5, na wenye magari ya abiria katika miaka 2. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya kushika nafasi ya ile ya 2003. Hesabu mwenyewe miaka, halafu uniambie umeona matatu ngapi zenye ubao wa kupandishia kiti.

Sasa narudi kwenye swali la kijana, kwamba tufuate kiti au undugu.

Nilipowaambia jamaa wa Kuze kwamba tutalala Kizingo, walinuna. Shangazi mmoja alisema katika simu, "Mwanangu, mumekuwa watu wa kupanga vyumba? Nyumba ya babu yenu imekuwa nyembamba lini?" Sikubishana naye. Nilimwomba tu ruhusa ya baraza. Nikasema kulala tutalala huko, lakini kila siku tangu alasiri hadi magharibi mama mkubwa atakuwa kwao, barazani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Barazani? Kama mgeni wa kiume?" Nikamwambia ndiyo, kama bwana mkubwa.

Na baraza, wasomaji wangu, ndicho kitu katika nyumba ya Kiswahili ambacho mjenzi alikijenga kwa ajili ya mama mkubwa bila kujua. Ile ya kwetu urefu wake ni sawasawa na kikalio cha kiti cha magurudumu. Unakisogeza kiti ubavuni, unafunga breki, unaondoa mkono wa kiti, mtu anateleza kutoka kwenye kiti hadi barazani bila kubebwa na yeyote. Tulitandika mkeka na mito. Ndani ya nusu saa majirani walikuwa wamemzunguka. Mzee mmoja alimtambua kwa sauti. Kahawa ikaja, halua ikaja, mtoto akatumwa viazi karai.

Lakini mama mdogo hakuteremka. Tulidhani yuko katika kujitengeneza. Robo saa ikapita, nusu saa. Mama mkubwa akainua kichwa kuelekea roshani, akaita kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Mdogo wangu! U wapi?"

Dirisha la roshani likafunguka. "Dada! Weye ndiwe?"

"Ndimi! Shuka basi nikuone!"

Kukawa kimya. Kisha sauti ikatoka juu, polepole: "Nshuke kwa miguu ya nani?"

Mtaa mzima ukanyamaza. Nilimgeukia binamu yangu, naye alikuwa akitazama chini. Mama mdogo hakuwa ameteremka zile ngazi 17 kwa zaidi ya miaka 2. Magoti. Hakuna aliyeamua hivyo wala aliyemfungia. Siku moja alisema leo nimechoka, kesho yake akasema vivyo hivyo, chakula kikawa kinapandishwa, daktari akawa anapanda, na nyumba ikazoea. Walikuwa wamenunia sisi kwa kutolala ghorofani, nao ghorofani wana mtu asiyeweza kutoka. Na mimi niliyehesabu ngazi kwa simu kutoka Nairobi sikuwahi kuuliza kwamba anayeishi juu yake huzishuka vipi.

Siku ile ya kwanza walizungumza hivyo hivyo, mmoja juu, mmoja chini. Mama mdogo alikuwa na kikapu chenye kamba, kile anachonunulia vitu kwa wachuuzi; akakiteremsha na kanga mpya mbili ndani yake. Mama mkubwa akatia dafu, kikapu kikapanda. Wakacheka kama wasichana. Watoto wa mtaa wakafurahi mno, kila mmoja akitaka kuvuta kamba.

Usiku ule binamu yangu alikuja Kizingo peke yake. Alitaka kuazima tepi. Chini ya nyumba yao, upande wa kushoto wa mlango, kuna chumba walichokuwa wakiweka magunia, baiskeli mbovu na mapipa. Kesho yake tulipofika tulikuta magunia yako nje njiani, fundi anapima pa kuweka choo cha kukalia, na yule shangazi aliyenuna anasimamia kazi ameshika kiuno. Haikuisha wiki ile, maana bomba lilikataa, na sisi tulikuwa na tiketi za kurudi. Ilichukua mpaka Oktoba. Mama mdogo aliteremshwa mara moja tu, na si kwa kiti cha plastiki: aliteremka kwa makalio, kidato kimoja kimoja, mlango wa ghorofani umefungwa ili asitazamwe, mwanawe mmoja tu mbele yake. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Ilimchukua dakika 40.

Kwa hivyo, kijana wangu wa chuo kikuu, mlaze nyanya yako Kizingo, na ubao wa mita 1 na sentimita 80 uchongeshe Nairobi kabisa, mbao za huku bei yake ni nafuu. Jamaa wa Mji wa Kale waombe baraza. Ukifika, kabla hujamkalisha nyanya, uliza kwa upole ni nani anayeishi juu.

Jumapili ijayo, Mungu akijalia, tutaangalia namna ya kuwatunza wazee wenye kisukari wakati wa safari ndefu. Wenye uzoefu waniandikie mapema.